Kuzuru Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa kiti mwendo

Mara ya kwanza nilifika Kilwa Kisiwani saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mtu wa pwani akisikia hivyo tu ameshajua kosa langu. Maji yalikuwa yamepwa kabisa. Boti ilikwama mbali na nchi kavu, na kati yangu na lile jengo la Gereza, yaani ngome ya kale iliyoko ufukweni, palikuwa na tope, mwani na vipande vya matumbawe. Vijana wanne wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki na kunibeba. Tulipofika katikati, mguu mmoja wa kiti ukavunjika. Sikuumia, lakini nililowa mpaka kifuani, nikashinda na nguo mbichi za chumvi mpaka mchana, na nikarudi nyumbani na kidonda cha kukalia kilichochukua wiki saba kupona. Msikiti wenyewe niliuona kwa haraka tu, nikitetemeka.

Nimekwenda tena mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili nimeingia msikitini nikiwa mkavu, nikakaa nilivyotaka, nikaswali. Kisiwa ni kile kile, mchanga ni ule ule, na miguu yangu haijabadilika. Nilichobadilisha ni mpango. Nauandika hapa hatua kwa hatua kwa ajili ya mwenzangu anayetumia kiti mwendo au magongo, ambaye ameambiwa kwamba Kilwa "si kwa watu kama wewe".

Kwanza, amua unakwenda kuona nini

Kilwa Kisiwani ina magofu mengi, na mtu anayetembea kwa miguu yake huyazunguka yote kwa siku moja. Wewe usijaribu. Nguvu za wanaokusaidia zina kikomo, na ngozi yako ina kikomo pia. Ushauri wangu ni kwamba safari iwe ya Msikiti Mkuu, na kingine chochote kiwe nyongeza.

Msikiti huo ulianzishwa karne ya 11, ukaja kupanuliwa sana baadaye, wakati Kilwa ilipokuwa imetajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Una sehemu mbili, na ni vizuri uzijue kabla hujafika. Upande wa kaskazini ndio wa kale, ni mdogo, na sasa hauna paa. Upande wa kusini ni ule upanuzi wenye nguzo na matao na kuba, na hapo ndipo picha nyingi hupigwa. Kwa kuwa kibla chetu huku kinaelekea kaskazini, mihrabu ya kale iko kule kwenye sehemu isiyo na paa. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu na uchaji wake. Mwaka 1505 Wareno wakauvamia mji. UNESCO iliyaweka magofu haya, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Karibu na msikiti kuna msikiti mwingine mdogo wa kuba, mzuri sana, na ukiwa bado na nguvu unaweza kuuongeza. Gereza utaliona tu kwa sababu liko pale ufukweni unaposhukia. Husuni Kubwa na Songo Mnara ni habari nyingine, nitazigusa mwishoni.

Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hii ndiyo hatua iliyobeba safari nzima. Ukiikosea hii, hata watu kumi wa kukubeba hawatakusaidia sana.

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana alfajiri na jioni, kwenye saa kumi na saa kumi na moja. Maana yake ni kwamba hupwa sana kwenye saa nne asubuhi mpaka saa tano, muda ule ule ambao wageni hupenda kuvuka. Kwa anayetembea si tatizo: atavua viatu, atakunja suruali, atapita. Kwa wewe ni mamia ya hatua za kubebwa kwenye tope linaloteleza.

Maji husogea mbele kila siku kwa wastani wa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo wiki moja baada ya bamvua, saa ya kujaa inakuwa imehamia asubuhi iliyokwishapambazuka vizuri. Hesabu kwa mwezi wa Kiislamu: tarehe saba, nane na tisa, na tena ishirini na moja hadi ishirini na tatu, maji hujaa takriban kati ya saa nne na saa sita. Hizo ndizo siku zako. Ni siku za maji mafu, kwa hiyo bahari haijai kama ya bamvua, lakini pia haipwi sana. Ukichelewa kidogo kurudi hutakuta boti imelala juu ya mchanga.

Panga ufike kisiwani saa moja na nusu au mbili kabla maji hayajajaa kabisa, na uondoke kabla hayajapwa kwa zaidi ya saa mbili. Unapata kama saa tatu na nusu, na kwa msikiti mmoja zinatosha. Usiishie kwenye hesabu yangu. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha mpigie simu mtu wa Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia, umuulize: "Siku fulani, saa nne asubuhi, maji yatakuwa wapi?" Nahodha yeyote atakujibu bila kufungua kitabu. Akikwambia "haina shida, tutakubeba", hajakujibu. Muulize tena.

Maji yakijaa yanakusaidia pande zote mbili. Kule Masoko, ukipandia kwenye gati, maji yaliyojaa huinua chombo kikakaribia usawa wako. Yakiwa yamepwa, boti iko chini kabisa na unateremshwa kama gunia.

Kuhusu majira, epuka masika, Machi mpaka Mei. Kwenye mvua za Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, na abiria wakakwama huku na huku. Mtu mwenye mpira wa mkojo na dawa za siku mbili hapaswi kukwama barabarani. Juni mpaka Agosti ni kavu, ila kusi inavuma na bahari huchafuka, hasa alasiri. Mimi napenda Septemba na Oktoba, na navuka asubuhi.

Kiti, magongo na mzigo

Kiti cha umeme kiache nyumbani. Ni kizito, betri haipatani na maji ya chumvi, na kikizama mchangani hakuna wa kukinyanyua. Chukua kiti cha kawaida kinachokunjwa, chenye magurudumu ya nyuma ya upepo. Kabla ya kuvuka, punguza upepo kidogo ili tairi zitanuke na zisizame mchangani. Beba pampu ya baiskeli, viraka na spana ya kukazia boliti. Hakikisha sehemu za kuwekea miguu zinang'oka, kwa sababu ndizo zinazonasa kwenye mizizi na mawe.

Anayetumia magongo abebe mipira ya akiba ya ncha. Kwenye mchanga, gongo huzama kama kijiti cha mshikaki. Rafiki yangu aliyepata polio utotoni hukata duara kwenye soli ya kandambili kuukuu, upana wa kisosi cha chai, akatoboa katikati na kulivisha kwenye ncha ya gongo juu kidogo ya mpira, kisha akalifunga kwa kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli. Linafanya kazi. Kwenye mawe yenye mwani wa kijani avivue hivyo viduara, na hapo asitembee peke yake.

Vitu vingine ambavyo mimi sivuki bila ya kuwa navyo:

- Mto wa kukalia, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na nguo kamili za kubadilisha kwenye mfuko mwingine.
- Turubai au kitambaa kizito chenye mishikio sita iliyoshonwa. Hii ndiyo machela yangu, na bei yake kwa fundi ni ndogo kuliko bei ya kutibu kidonda kimoja.
- Kanga mbili: moja ya kujifunika miguu ninapobebwa, ya pili ya kuninyooshea kivuli.
- Maji ya kunywa, zaidi ya unayodhani. Wengi wetu hujinyima maji safarini ili tusihitaji choo. Kilwa ina jua kali, na mkojo uliokoza ndio mwanzo wa maambukizi.
- Vifaa vya choo. Usitegemee kukuta choo unachoweza kuingia na kiti. Jisaidie Masoko asubuhi, na upange jinsi utakavyofanya kisiwani ukihitaji. Hema dogo la kanga na watu wawili wanaokupa mgongo linatosha.

Mpaka Kilwa Masoko

Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita 300 hivi kwa lami, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unafika Nangurukuru, na hapo unaacha barabara kuu ya Lindi kuelekea baharini. Kama una uwezo wa kuchanga na wenzako mkakodi gari dogo, fanya hivyo, msimame kila baada ya saa moja na nusu ujinyanyue kwenye kiti. Ukipanda basi, kata tiketi siku moja kabla, uombe kiti cha mbele, na umwambie konda mapema kwamba kiti mwendo chako kinaingia buti kikiwa juu ya mizigo na si chini yake. Nimewahi kuvunjiwa breki ya kiti kwa gunia la mchele.

Lala Masoko usiku mmoja kabla ya kuvuka. Usijaribu kutoka basi na kuingia boti siku hiyo hiyo. Nyumba ya wageni ichunguzwe kwa simu: mlango wa choo una upana gani kwa kipimo cha rula, na ngazi ni ngapi. Swali la "mnapokea walemavu?" hujibiwa ndiyo na kila mtu.

Ruhusa, mwongoza wageni na makubaliano

Ruhusa ya kuingia kwenye magofu hukatwa Masoko, kwenye ofisi inayoyasimamia, na utapewa mwongoza wageni. Nenda jana yake alasiri, nenda mwenyewe, usimtume mtu. Nataka wanione na kiti changu, ili wasije kushtuka asubuhi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Ni vizuri kuijua hiyo haki unapoongea, hata kama siku hiyo unachohitaji zaidi ni mikono imara.

Kaa na mwongoza wageni na nahodha pamoja, muwekane sawa kwenye mambo haya kabla ya bei: saa ya kuondoka na saa ya kurudi, watu wangapi wa kubeba, na kwamba boti itakusubiri na haitaondoka kwenda kuchukua abiria wengine. Hili la mwisho lisisitize.

Watu wa kubeba wawe wanne kwa uchache, na wawili kati yao wawe wako mwenyewe uliokuja nao. Mimi huenda na mpwa wangu na shemeji yangu, ambao wananijua. Wale wengine wawili tunawapata Masoko au kisiwani. Malipo yao yajulikane mapema, na kila mmoja apewe mkononi mwake, usimpe mmoja akawagawie wenzake. Aliyelipwa vizuri leo atamkumbuka mwenzako atakayekuja mwakani.

Kupanda boti

Usikae kwenye kiti mwendo ndani ya boti. Narudia, kwa sababu nimeona watu wakifanya hivyo na hata kujifunga mkanda: chombo kikipinduka, kile kiti kinakuwa nanga. Kiti kikunjwe na kufungwa kwa kamba ubavuni. Wewe kaa chini kwenye sakafu ya boti, juu ya mto wako, mgongo ukiegemea ubao, mtu mmoja akikaa nyuma yako kukushika mabega. Vaa jaketi okozi kabla hujapandishwa, maana ukishakaa ndani kulivaa ni shida.

Kama huna hisia miguuni kama mimi, tazama ulipoweka miguu. Injini inaunguza, bati lililopigwa na jua linaunguza, na msumari uliochomoza unachana, na wewe hutajua mpaka jioni. Mimi huvaa soksi nene na viatu vya kufunga hata baharini.

Kuvuka kwenyewe ni kufupi. Gereza lile na minara yake unaliona tangu mapema, na nyuma yake minazi na mibuyu. Mara ya pili, nikiwa mkavu na nimetulia, ndipo nilipogundua kwamba huko ndiko yalikokuja majahazi ya Hormuzi na Gujarati, na kwamba mji huu ulijengwa uonekane kutoka pale hasa nilipokuwa nimekaa, usawa wa maji.

Kushuka: jinsi ya kubebwa

Hapa ndipo wengi wetu huvunjika moyo. Watu wema hukuvamia. Mmoja anashika kwapa, mwingine mguu, mwingine suruali, kila mmoja anatoa amri. Kabla boti haijagusa nchi, wanyamazishe wote na uongee wewe. Mimi husema hivi: "Jamani, naomba mnisikilize. Mtu mmoja tu ndiye atahesabu, ni huyu mpwa wangu. Msinishike mkono, bega langu linatoka. Hakuna kuninyanyua mpaka mimi niseme tayari." Nasema kwa adabu, lakini nasema kwa sauti. Sijawahi kukuta mvuvi aliyekasirika kwa kupewa maelekezo. Wao hubeba mashua na nyavu nzima kwa kupokezana sauti, wanajua maana ya kwenda pamoja.

Kisha turubai linatandikwa ndani ya boti, nakaa katikati, magoti yamekunjwa, mikono nimeifumbata kifuani. Watu wanne kwenye pembe, na wakipatikana wawili zaidi, wakae katikati. Wanaingia majini kwanza, wanatafuta pa kukanyaga, ndipo mwenye kuhesabu anahesabu. Wenye urefu sawa wakae upande mmoja. Kiti mwendo kitangulie, kisimamishwe nchi kavu kwenye udongo mgumu, breki zikiwa zimekazwa, ili ukifika uwekwe moja kwa moja.

Kwa mwanamke mwenzangu: vaa suruali ndani ya gauni au dera, na kanga ifungwe miguuni kabla ya kunyanyuliwa. Turubai linakusitiri kuliko kubebwa mgongoni au mikononi, kwani hakuna anayegusa mwili wako. Ukipenda uwe na wanawake wawili karibu, sema. Kisiwa kina watu, wapo akina mama watakaokuja wakiombwa kwa heshima.

Kile kiti cha plastiki kikataeni.

Njia mpaka msikitini

Unapofika, salimia. Kisiwani pale ni kijiji cha watu, si makumbusho peke yake, na wengi wao ni Waislamu. Wazee waamkie, watoto watakuja kutazama kiti, waache wakiguse. Vaa nguo za stara. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani, na kama afya yako inakulazimu, tafuta faragha.

Njia ni ya udongo na mchanga. Kwenye udongo utasukumwa kawaida. Kwenye mchanga, magurudumu madogo ya mbele huzama na kiti kinataka kukumwaga usoni. Geuza kiti, uvutwe kinyumenyume, au msukumaji akilaze nyuma kidogo mpaka yale madogo yaning'inie hewani. Mahali pabaya sana watu wawili wanyanyue kwa mbele kwenye fremu, wasishike sehemu ya kuwekea miguu. Pumzikeni kwenye vivuli. Hakuna haraka, maana mmeipanga saa.

Njiani kuna makaburi. Muulize mwongoza wageni yako wapi, na magurudumu yasipite juu yake. Baadhi ya watu bado hufanya ziara kwenye makaburi ya zamani, kwa hiyo hata kaburi lililobomoka si jiwe tu.

Ndani ya msikiti

Usikubali kuachwa mlangoni ukaambiwa "unaona vizuri hata hapa". Ingia. Kuna vizingiti na mawe, sakafu haiko sawa, lakini kiti kinanyanyuliwa kizingiti kimoja baada ya kingine na kutua. Mwambie anayekusukuma asitumie nguzo wala ukuta kujiegemeza au kugeuzia kiti. Majengo haya ni ya matumbawe na chokaa, yamesimama kwa karne nyingi, na mpini wa chuma unayakwangua kwa mguso mmoja.

Anzia kusini, chini ya matao. Sisi tulio kwenye viti tuna faida moja pale ambayo sikuitarajia: tumekaa usawa wa mtu anayeswali, na jengo lile linapendeza kwa macho ya mtu aliyekaa. Ukitazama kaskazini ukiwa umekaa, nguzo zinajipanga safu baada ya safu na mwanga unakuja kutoka kule kusiko na paa. Laza kichwa nyuma utazame ndani ya kuba. Baadhi ya kuba zilipambwa kwa vyombo vya kaure vya Kichina vilivyopachikwa kwenye chokaa. Kaa hapo muda mrefu. Wanaokusaidia wapumzike, wanywe maji.

Kisha omba upelekwe sehemu ya kale, mpaka mbele ya mihrabu. Hapo njia ni ngumu zaidi, na mimi hulazimika kunyanyuliwa mara mbili tatu. Inafaa kabisa. Niliposwali pale rakaa mbili nikiwa kwenye kiti, nilifuta magurudumu kwanza kwa kitambaa chenye maji, kama ninavyofanya msikitini kwetu. Hakuna aliyenidai nifanye hivyo kwenye gofu. Nilitaka mwenyewe. Asiye Mwislamu anakaribishwa kukaa kimya. Pana utulivu wa kutosha kwa kila mtu.

Kila nusu saa jinyanyue kwenye kiti, au uegemezwe upande mmoja kisha wa pili, dakika mbili kila upande. Weka kengele kwenye simu, kwa sababu mahali pale panasahaulisha.

Mwenye ulemavu wa kuona asikubali kusimuliwa tu. Ruhusa ya kugusa ukuta kwa kiganja iombwe kwa mwongoza wageni, na akiipata apitishe mkono polepole atambue matumbawe, ambayo mifupa yake bado ina vitundu, na chokaa laini iliyobaki juu yake. Asimame chini ya kuba aseme neno moja, kisha aliseme tena kwenye sehemu isiyo na paa. Atausikia msikiti wote kwa namna hiyo. Kiziwi apange mkalimani wa lugha ya alama tangu Dar es Salaam, kwa kupitia CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, kwa kuwa maelezo yote pale ni ya mdomo.

Vingine, kama bado una nguvu

Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, liko mbali upande wa mashariki, juu ya mwamba. Kutoka upande wa bahari ni ngazi kali. Kwa njia ya nchi kavu ni safari ndefu ya mchanga. Mimi sikwenda, na siwashauri. Mwombeni nahodha wakati wa kurudi apitishe boti mbele yake polepole, mlitazame kutoka majini. Songo Mnara kunahitaji kupita kwenye mikoko na maji ya magoti. Kwa kiti mwendo niseme wazi kwamba hapana, mpaka siku itakapojengwa njia.

Na kama ukiamka siku yako ukakuta upepo mkali na nahodha anasitasita, msikilize. Siku hiyo nenda kwa gari Kilwa Kivinje ukatazame mji wa kale wa karne ya 19 bila kuvuka maji. Anayetaka msikiti wa kale bila bahari kabisa aende Kaole, jirani na Bagamoyo, ambako gari hufika karibu na magofu. Aliyeko Unguja ana msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na barabara inafika. Ule bado unaswaliwa, kwa hiyo uliza nyakati za swala, na ufute magurudumu.

Baada ya kurudi

Ukiwa bado Masoko, kabla ya chakula na kabla ya kupokea simu za kukupongeza, fanya mambo mawili. Vua nguo zote za safari, oga kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na ukague ngozi kwa kioo au kwa msaada wa mtu unayemwamini: makalio, visigino, vifundo, nyuma ya magoti. Alama nyekundu isiyopotea baada ya nusu saa maana yake kesho hukai, unalala ubavu, na basi litasubiri siku nyingine.

La pili, kiti. Kimwagie maji safi mengi, zungusha magurudumu yote, ondoa mchanga kwenye beringi za mbele kwa mswaki wa zamani, kausha, na utie grisi au mafuta ya cherehani. Jaza upepo upya. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye beringi, asubuhi utaisikia ikisaga.

Mimi kisha hufungua kalenda ya Hijria nikaweka alama kwenye tarehe nane za miezi ya Kiislamu zinazoangukia Septemba na Oktoba ya mwaka unaofuata. Safari hii nataka kumchukua yule rafiki yangu wa magongo. Viduara vyake vya kandambili ameshavikata.